Bwawa la Samaki: Turubai Hukatwa Mwisho

Barua tano za safari hii zinazunguka jambo moja: bomba linalopita ukutani kwenye bwawa la bustani lililotandikwa turubai. Wanaojibu ni mafundi wa safu hii.

Assalaam aleikum. Nina bwawa la samaki wa mapambo uani, la matofali ya saruji ya inchi 6. Urefu mita 3, upana mita 2, kina cha maji sentimita 80. Ndani kuna turubai la mpira la unene wa milimita 1. Pampu inakaa ndani ya maji na kila wiki naivua kuisafisha, nimechoka. Nataka bomba litoke ukutani liende kwenye pampu na chujio nje. Fundi bomba wangu anasema tutoboe tu, tujaze silikoni. Nimfuate? — Msomaji, Fuoni

Wa aleikum salaam. Kwa kutoboa mfuate, kwa silikoni usimfuate. Silikoni hushika vizuri kioo. Mpira wa bwawa haushiki. Inakaa juu yake kama ukoko wa wali, na siku maji yakiusukuma kidogo inabanduka yote kwa pamoja. Kinachozuia maji hapa ni mbano: turubai libanwe baina ya vitu viwili bapa, kwa nguvu iliyo sawa pande zote.

Bwawa lako lina lita 4,800. Maji yakizunguka mara moja kila saa 2 inatosha, yaani lita 2,400 kwa saa zinazopita kweli, si zile zilizoandikwa kwenye boksi la pampu. Maji yakipandishwa mita 1 na kupita kwenye chujio, pampu ya lita 2,400 haitoi lita 2,400. Chukua ya 3,500 hadi 4,000. Kwa kiasi hicho bomba la milimita 50 (inchi moja na nusu) linatosha bila kubanwa.

Shida yako ni unene wa ukuta. Konekta ya tangi, ile ile inayofungwa kwenye tangi la plastiki juu ya paa, ina uzi mfupi: inabana kitu cha sentimita 2 au 3. Ukuta wako na plasta unafika sentimita 17 au 18. Mafundi wengi hapo huchomeka kipande cha bomba ukutani na kukizungushia saruji, kisha turubai likagandishwa kwenye bomba. Usikubali. Saruji haishikani na plastiki laini, na bomba likitikiswa tu maji yanapata njia nyuma ya turubai usipoyaona.

Njia tunayoipendelea ni kuweka kibao. Mahitaji: kibao cha plastiki cha sentimita 30 kwa 30, unene milimita 12 (kile cheupe kikubwa cha kukatia nyama kinafaa sana, hakiozi wala hakinywi maji), konekta moja ya milimita 50 yenye mpira wake, skrubu 6 za chuma kisichoshika kutu za milimita 60 pamoja na plagi zake za plastiki, koki ya mpini moja, yunioni mbili (viungio vya bomba vinavyofunguka kwa mkono), elbo moja, bomba, gundi ya PVC na msasa.

Pahala pa tundu: sentimita 30 chini ya usawa wa maji, katikati ya tofali, mbali na pembe. Watu hupenda kutoboa karibu na sakafu ili uchafu utoke. Lakini konekta ikivuja usiku, maji hushuka mpaka kwenye tundu yakasimama. Tundu likiwa sentimita 30 chini, samaki wanabakiwa na nusu mita ya maji. Likiwa sakafuni, asubuhi unaokota mizoga. Ukitaka kuvuta uchafu wa chini, funga elbo upande wa ndani na kipande cha bomba kinachoshuka mpaka sentimita 10 juu ya sakafu, kisha toboa kijitundu cha milimita 6 mgongoni mwa elbo. Kijitundu hicho si pambo. Bila hicho bomba la ndani litaendelea kunyonya mpaka chini hata maji yakishapita usawa wa konekta. Kikiwapo, hewa inaingia na mnyonyo unakatika.

Kazi yenyewe inachukua siku tatu, na nusu yake ni kungoja.

Siku ya kwanza punguza maji mpaka sentimita 45 chini ya usawa wa kawaida. Samaki wanaweza kubaki. Fungua ukingo wa turubai juu, lilegeze na ulikunje lielekee ndani, kisha simamisha kipande cha plaiwudi baina yake na ukuta. Hapo ndipo drili na tindo viingie, kutokea nje. Kata tundu la mraba la sentimita 18 kwa 18 lipite ukuta mzima. Ndiyo, ni kubwa; lazima mkono na spana viingie mpaka kwenye nati. Safisha vipande vyote vya kokoto upande wa ndani, maana kimoja tu kikibaki nyuma ya turubai kitatoboa kabla ya mwaka kwisha.

Kibao kitobolewe katikati, tundu lizidi uzi wa konekta kwa milimita 2 tu. Pima uzi wa konekta uliyonunua, usiamini namba iliyoandikwa: hiyo ni ya bomba, na uzi ni mpana zaidi. Kingo za kibao zipigwe tupa mpaka ziwe za mteremko, kisha msasa. Kifunge juu ya tundu upande wa ndani wa ukuta kwa skrubu 6, vichwa vizame milimita 2 ndani ya plastiki. Skrubu hizo zinakishika tu kisianguke. Uzito wa maji, kama kilo 10 juu ya tundu la ukubwa huo, unakisukuma kibao kwenye ukuta, haukivuti.

Rudisha turubai, funga ukingo, na jaza maji mpaka sentimita 10 chini ya pahala pa konekta. Sasa liache usiku kucha. Hili ndilo linalorukwa zaidi na ndilo linaloharibu kazi. Turubai kavu hukaa pake. Likipata uzito wa maji hushuka na kujivuta sentimita moja, mbili, hata tatu. Ukilikata kabla halijatulia, tundu la turubai na la kibao hayatakutana, na fundi atalivuta kwa nguvu liwe sawa. Turubai lililovutwa hivyo huchanika taratibu pembezoni mwa mpira.

Siku ya pili tafuta tundu la kibao kwa kidole juu ya turubai, lichore kwa chaki, na ukate duara dogo kuliko uzi. Kwa mpira wa milimita 1, kama uzi una milimita 60, kata 45. Mpira utanyooka na kuukumbatia uzi. Noa ncha ya kipande cha bomba la chuma, weka ubao nyuma, gonga mara moja kwa nyundo: duara safi. Wembe wa mkono huacha kijimeno, na mpasuko huanzia kwenye kijimeno. Wala usikate msalaba. Ncha za msalaba hupita nje ya kichwa cha konekta, na hapo hakuna mpira wa konekta utakaokuokoa.

Mpangilio kutokea majini kwenda nje: kichwa cha konekta, mpira wake, turubai, kibao, washa ya plastiki, nati. Mpira wa konekta ukae upande wa maji, baina ya kichwa na turubai. Ukiuweka nje, chini ya nati, maji yatapita kwenye uzi bila kizuizi. Mtu mmoja ashike kichwa ndani kisizunguke kabisa, mwengine akaze nati kwa mkono mpaka igome, kisha nusu mzunguko kwa spana. Kichwa kikizunguka, mpira unaburura turubai na kulifanya mikunjo, na kila mkunjo ni mfereji. Kukaza kupita kiasi nako hufinya mpira ukatokea nje kama ulimi. Uzi wa kubanwa na nati hauhitaji tepu nyeupe. Tepu ni ya uzi unaopokea bomba.

Kisha gundisha bomba nje: msasa, gundi pande zote mbili, sukuma ukizungusha robo, shika nusu dakika. Koki ikae karibu na konekta, yunioni moja baada yake na nyengine kabla ya pampu, ili pampu itolewe bila kukata kitu. Weka kiegemeo chini ya bomba ndani ya sentimita 30 za mwanzo. Koki iliyojaa maji na mtoto aliyeikanyaga ndivyo vinavyoilegeza konekta, si maji ya bwawa. Acha gundi ikauke saa 24.

Siku ya tatu fungua, jaza taratibu, na tazama ndani ya lile tundu la mraba kwa tochi. Usilizibe kwa saruji baadaye. Liwekee kifuniko cha ubao panya asihamie, uweze kuchungulia na kukaza tena robo mzunguko baada ya wiki moja, kwani mpira mpya hulegea kidogo. Maji ya kujazia yakiwa ya mfereji yenye klorini, yalaze siku mbili kwenye pipa lililo wazi kwanza.

Nilifunga konekta kwenye bwawa la perege lenye turubai jeusi gumu, lile la mabwawa ya kilimo, nene kama kadi ya simu. Nilipaka silikoni ndani na nje. Wiki mbili kavu, sasa maji yanashuka sentimita 3 kwa siku. Nitajuaje kama ni konekta? Nikiondoa, tundu nililikata kubwa, nitafanyaje? — Msomaji, Wete

Sentimita 3 kwa siku si jua. Ila usibahatishe: jaza ndoo maji, iweke ndani ya bwawa juu ya jiwe mdomo ukiwa nje, weka alama ndani ya ndoo na nyengine ukutani mwa bwawa, zima pampu, ngoja saa 24. Yakishuka sawa ni jua na upepo. Bwawa likishuka zaidi, linavuja. Sasa liache lishuke likiwa na koki iliyofungwa, na utazame linaposimama. Likisimama kwenye mdomo wa chini wa konekta, umeshapata mwizi. Likipita hapo, konekta haina kosa, au si yake peke yake.

Ukitaka kuhakikisha, chota rangi ya chakula kwenye bomba la sindano na uiachie polepole pembezoni mwa kichwa cha konekta, maji yakiwa yametulia kabisa. Rangi ikielea kama moshi, pazima. Ikivutwa ikaingia upande mmoja, hapo hapo.

Turubai jeusi gumu la namna hiyo mara nyingi ni la polithini, na polithini haishikwi na silikoni wala gundi ya PVC wala gundi ya viatu. Huunganishwa kwa moto tu, kwa mashine ya hewa ya moto na mkono uliozoea. Na kwa kuwa ni gumu, halijifinyi kama mpira. Likibanwa na kibao moja kwa moja huacha upenyo mwembamba ambao macho hayauoni. Kwa hiyo wewe unahitaji mpira pande zote mbili za turubai.

Ondoa konekta, kwangua silikoni yote kwa wembe, futa mpaka turubai ling'are. Nunua tyubu kuukuu ya lori, ioshe kwa sabuni na suuza vizuri. Kata pete mbili za kipenyo cha sentimita 20. Kata pia pete mbili za kibao cha nyama za kipenyo hicho hicho, moja ya mbele na moja ya nyuma, zote zikiwa na tundu la uzi wa konekta katikati. Toboa matundu 8 ya milimita 7 kuzunguka, sentimita 2 kutoka ukingoni. Mpangilio: pete ya plastiki, tyubu, turubai, tyubu, pete ya plastiki, na bolti 8 za milimita 6 za chuma kisichoshika kutu, kila moja na washa yake na mpira mdogo chini ya kichwa. Kaza kwa kuvukana: ya kwanza na ya tano, ya tatu na ya saba, halafu zilizobaki, kidogo kidogo, raundi tatu. Tundu lako la zamani likiwa na upana wa mpaka sentimita 12, sandwichi hii inalifunika lote na kuacha ukanda wa kubana. Konekta kisha ifungwe kwenye pete ya mbele, mpira wake ukibana plastiki kwa plastiki, nati ikija upande wa nyuma.

Likizidi sentimita 12, usitengeneze pete kubwa zaidi. Tafuta mwenye mashine ya hewa ya moto akutilie kiraka, na tundu jipya ulipige pahala pengine.

Ukuta wangu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na maji ya kisima yana chumvichumvi. Ninavyo vifaa vya shaba na bomba la bati kutoka nyumba ya zamani. Naweza kuvitumia? — Msomaji, Jambiani

Uza. Shaba na zinki, ile iliyopakwa kwenye bomba la bati, ni sumu kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Atakuja mtu kukwambia kwamba maji ya kisima cha mawe ya matumbawe ni magumu na maji magumu hupunguza ukali wa madini hayo. Kweli, lakini masika yakianza bwawa hujaa maji ya mvua, ambayo ni laini, na kinga hiyo inapungua wakati bomba bado lipo. Tumia plastiki tupu. Skrubu na bolti zinazogusa maji ya chumvi zichague za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Za 304 hutoboka vijitundu baada ya muda.

Kuhusu ukuta: usipige nyundo. Jiwe la matumbawe na chokaa kuukuu huporomoka kipande kikubwa kuliko ulichokusudia. Toboa kwa drili isiyo na mpigo wa nyundo, vitundu vingi vinavyopakana kufuata mstari, kisha vunja katikati. Zungushia kingo saruji na mchanga, 1 kwa 4, acha siku 3 ukiimwagia maji, ndipo ufunge kibao kama alivyoelezwa wa Fuoni.

Tunalo turubai kubwa la kuanikia karafuu, msimu umekwisha. Linafaa kutandikwa bwawani badala ya kununua? — Msomaji, Chake Chake

Halifai, kwa sababu mbili. Hilo ni nyuzi zilizofumwa na kupakwa plastiki nyembamba. Ukilitoboa, maji hayapiti kwenye tundu tu; yanaingia kwenye ncha za nyuzi zilizokatwa na kusafiri ndani ya turubai, nje ya mbano wako, kama mafuta kwenye utambi. Hakuna konekta itakayolizuia.

Ya pili ni karafuu yenyewe. Mafuta yake yana yujenoli, na yujenoli ndiyo dawa wanayotumia wataalamu wa samaki kuwalewesha wakati wa kuwapima au kuwatibu. Turubai lililokunywa mafuta ya karafuu msimu baada ya msimu si pahala pa kulaza samaki. Libaki na kazi yake.

Bwawa langu linafurika kila masika, na mfereji wa paa nimeuelekeza humo. Nitoboe tundu la kumwagia? Na umeme ukikatika, bomba la kurudisha maji litamaliza bwawa? — Msomaji, Bububu

Anza na mfereji wa paa: uondoe. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 50 kwa saa linamwaga lita 3,000 bwawani ndani ya saa hiyo, pamoja na kinyesi cha kunguru na vumbi la kiangazi kizima. Bomba la milimita 50 lililolala kwenye usawa wa maji, likiwa nusu tupu, haliwezi kutoa hizo kwa uhakika; ungehitaji la 110. Mvua ya juu ya bwawa peke yake ni kitu kidogo.

Hata hapo tundu halihitajiki. Chonga ukingo wa ukuta kijia cha upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 5, turubai lipite juu yake bila kukatwa na lishuke nje, na weka wavu wa matundu ya milimita 5 samaki wasitoke na maji. Mdomo wake uelekee kwenye shimo la kokoto, si kwenye msingi wa nyumba.

Bomba la kurudisha, ndiyo, linaweza kulimaliza. Ikiwa mdomo wake umezama, pampu ikizimika maji yatanyonywa kurudi nyuma kwenda popote palipo chini zaidi. Nyanyua mdomo sentimita 5 juu ya maji. Maporomoko hayo madogo pia yanaongeza hewa. Kama lazima uzame, toboa kijitundu cha milimita 6 kwenye bomba, sentimita 2 chini ya usawa wa maji, na ukisafishe kila mwezi kwani ukungu hukiziba.

Kuhusu kukatika kwenyewe, waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa kwamba umeme unaweza kuondoka kwa miezi. Wakati wa joto la kaskazi samaki wengi kwenye maji machache hukosa hewa kabla ya chujio kuwa tatizo. Chota maji kwa ndoo na uyamwage kutoka juu, dakika 10 kila saa, alfajiri zaidi, maana ndipo hewa ya majini inapokuwa chini kabisa. Usiwalishe. Umeme ukirudi baada ya siku nzima, maji yaliyolala ndani ya chujio yameoza: fungua yunioni, yamwage bustanini, suuza chujio kwa maji ya bwawa, kisha uwashe pampu.